Maji Niliyoinyima Mashine

Mwende,

Usipoteze muda kutafuta mahali nilipoandika ule vizuri, uvae sweta, usimwamini kila mtu utakayekutana naye huko Doha. Sijaandika. Una miaka ishirini na saba, na kama hadi leo hujui kujitunza basi sikukulea. Nimeketi kwenye meza ya jikoni, saa nane mchana, jua linachoma mabati mpaka yanalia, na wewe umeenda sokoni kusukwa nywele za safari. Nina saa tatu hivi kabla hujarudi. Zinanitosha. Nakuonya mapema kwamba nimekasirika.

Nimekukasirikia wewe. Nimejikasirikia mimi pia, lakini huko tutafika. Tuanze na wewe.

Leo asubuhi nilifungua begi lako. Ndiyo, nililifungua, na sitaomba msamaha kwa hilo. Nilitaka kukuwekea pakiti ya kahawa yetu ya Mbooni ndani ya viatu ili isipasuke njiani. Chini ya sketi nyeusi nikakuta chupa ya jemu, imefungwa kwa kitambaa. Ndani yake mna kipande cha bomba, kile cha hita ya mashine ya kahawa, kimejaa ukoko mweupe mpaka tundu lake halionekani. Nilikaa kitandani kwako na hiyo chupa mkononi. Hukuwa umeandika neno lolote juu yake, na hukuhitaji kuandika. Nilielewa mara moja kwamba umejua tangu mwanzo ni nani aliyeiua ile mashine.

Miezi minne, Mwende! Miezi minne umenipikia chai, umenipaka dawa ya mgongo, umeniita mama, mwaitu, kwa sauti ile ile ya siku zote, na ulijua. Hukunifokea hata mara moja. Unajua mtu anavyojisikia akisamehewa bila kuambiwa? Anajisikia kama mtoto anayenakili mtihani kumbe mwalimu amesimama nyuma yake, kimya, anamwacha amalize. Afadhali ungenitukana. Ningejua pa kukushika.

Sasa nitakueleza mambo unayoyajua. Nitakueleza hivyo hivyo, kwa sababu hujawahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu.

Uliporudi kutoka Nairobi baada ya kumzika baba yako, ulikuwa fundi wa mashine za kahawa za mahoteli. Mimi nilikuwa mwalimu mstaafu mwenye miti ya kahawa kule Mbooni, ya ukoo wa baba yako, na nilikuwa nimeichuma miaka thelathini bila kuonja hata kikombe. Tulichuma, tukapeleka kiwandani, tukarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Hakuna aliyeona ajabu. Wewe ndiye uliyekuja ukasimama hapa mlangoni na kuniambia:

"Mum, imagine unauza kitu na hujui taste yake. Miaka yote hiyo!"

Nikakujibu kwamba kahawa ni ya wazungu na watu wa maofisi. Ukacheka. Kicheko hicho kiliniudhi, na bado kinaniudhi, kwa sababu ulikuwa na haki ya kucheka.

Ukaniambia mpango wako. Ndani ya uwanja wa ofisi za kaunti hapa mjini Wote kulikuwa na kibanda kitupu, na wewe ulitaka kukikodi uuze kahawa yetu wenyewe, iliyochumwa na sisi, iliyokaangwa na sisi. Lakini ulitaka kwanza mashine ndogo ya nyumbani ya kujifunzia kahawa hiyo, ile aina inayojazwa punje juu, unabonyeza, na inakupa kikombe chini. Nikasema pesa ya mashine nitatoa mimi. Nilisema kwa majivuno, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Jioni ile ulinichorea mashine nyuma ya kalenda ya zamani. Ulidhani sisikilizi kwa sababu nilikuwa nachambua ndengu. Nilisikia kila neno. Ulisema punje zinakaa kwenye bakuli la juu, na chini yake kuna kisagio, mawe mawili yaliyobanana, moja linazunguka na jingine limetulia. Ukibonyeza, kisagio kinasaga punje za kikombe kimoja tu, si zaidi, ndiyo maana kahawa yake haipotezi harufu kama ile ya mkebe iliyosagwa mwaka juzi. Unga unaangukia kwenye chumba kidogo na kibao kinaushindilia. Pampu inavuta maji kutoka kwenye tangi la mashine, inayasukuma kwenye hita ambayo ni kijibomba chembamba kilichojikunja ndani ya chuma cha moto, na maji yanatoka huko yakiwa karibu kuchemka. Kwanza yanalowesha unga kidogo na kungoja. Kisha yanasukumwa kwa nguvu, kahawa inashuka na povu lake la rangi ya udongo wa Mbooni. Halafu machicha yanatupwa kwenye kisanduku chao, makavu, ya mviringo kama biskuti. Yote hayo kwa muda wa kusema Baba Yetu bila haraka.

Unaona? Nilisikiliza.

Ukanieleza pia namna ya kuchagua. Ulisema nisiangalie kioo wala taa. Nitafute yenye mlango wa ubavuni, ambayo kile chumba cha kupikia kinachomoka kizima kizima, ukakioshe chini ya mfereji kila wiki kwa maji matupu bila sabuni, kwa sababu ile isiyofunguka inafuga ukungu ndani na huwezi kujua. Nitafute ambayo kisagio chake kinaweza kulegezwa na kukazwa, maana kahawa ikisagwa laini sana inatoka chungu na kwa matone, na ikisagwa kubwa inatoka maji ya kuoshea vikombe. Nitafute yenye tangi la maji linaloonekana kutoka nje. Nihakikishe vipuri vyake vinapatikana humu nchini, si kungoja mtu atoke ng'ambo. Na kama sihitaji maziwa ya povu, nisinunue mipira ya maziwa, kwani hiyo ndiyo inayooza kwanza. Ulikuwa umeshaichagua moja, nyeusi, ya plastiki, yenye sura mbaya kama redio ya mlinzi.

Nami nikaenda mjini Sultan Hamud peke yangu, kwa mtu mmoja anayeuza vitu vilivyotumika vya kutoka Ulaya, na nikanunua nyingine.

Nilinunua ile ya fedha kwa sababu inang'aa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nilikuwa nawaza akina mama wa kanisa wakiingia sebuleni na kuiona. Haikuwa na mlango wa ubavuni. Tangi lake la maji lilikuwa nyuma, limefichwa, halionyeshi kitu. Mwenye duka alibonyeza, kioo kikawaka, kikaniandikia karibu kwa Kiingereza, nikaisha. Nilipofika nayo nyumbani uliitazama, ukasema tu, "Sawa, mwaitu. Tutaitumia hii." Hata hapo ungenigombeza. Mbona hukunigombeza? Unanilea mimi au nakulea wewe?

Ulitoa kile kikaratasi chako cha kupimia maji, ukakichovya kwenye maji ya tangi letu la mvua, ukaangalia rangi. Ukasema maji haya ni laini, ni mazuri, ukaiwekea mashine alama ya maji laini. Kisha ukanishika mkono, kitu ambacho hukifanyi sana, ukaniambia:

"Mum, please. Maji ya tangi pekee. Ile ya borehole ina chumvi na chokaa, itaziba hita. Hii machine ikishazibwa, ni basi. Na vile nimeiset, itachelewa kukuwarn."

Nikasema nimesikia. Na nilikuwa nimesikia.

Sasa sikiliza wewe, kwa sababu hili hujui. Unajua nilifanya nini, lakini hujui kwa nini.

Asubuhi ya kwanza niliamka mapema nikaiwasha. Kabla sijagusa kitu chochote, ikaguna, ikatema maji. Maji safi, ya moto, kikombe karibu kizima, yakaingia kwenye trei ya chini. Nikadhani imeharibika. Ukaja ukasema inajisuuza. Inajisuuza ikiwashwa na inajisuuza ikizimwa. Ulisema hivyo kana kwamba ni jambo la kawaida.

Mwende, mimi nilizaliwa Kyuso. Wewe Kyuso unaijua ya kwenda kumsaidia mjomba kuvuna ndengu na kurudi na mbuzi. Mimi ninaijua ya kuchimba mchanga wa mto mkavu kwa kibuyu, shimo linanifika kiunoni, nangoja maji yajikusanye chini, nateka nusu kikombe, nangoja tena. Mama yangu alituosha uso kwa kitambaa kilicholowa, watoto wote watano, kitambaa kile kile, na maji yaliyobaki akampa ndama. Nilipoolewa na kuletwa huku, kitu cha kwanza nilichomwomba baba yako ni tangi, kabla ya kabati, kabla ya kitanda kizuri. Nikaweka kufuli kwenye mfereji wake na ufunguo nikauvaa shingoni. Mlinicheka, wewe na baba yako. Mliniita benki ya maji. Mniite tu.

Halafu unaniletea chombo kinachotema maji ya mvua asubuhi na jioni, bila kumnywesha mtu! Mvua ilikuwa imekataa msimu mzima. Nilikuwa nikichukua ile trei na kumwagilia sukuma wiki, na bado moyo haukutulia. Siku ya nne nikachukua mtungi wa maji ya chumvi ya kisima, yale tunayofulia, nikajaza tangi la mashine nusu kwa nusu, ili yale ya mvua yafiche ladha ya chumvi. Nikajiambia mashine haina tumbo, haitaumwa. Mtu mzima, mwalimu, najiambia hivyo.

Ukaonja siku moja ukakunja uso. Ukaniuliza, "Mum, maji umetoa wapi?" Nikakujibu, "Kwa tangi." Sikupepesa macho.

Nilidanganya hivyo miezi sita. Ulipoenda Kyuso wiki tatu kuvuna ndengu, nikaacha hata kuchanganya. Chumvi tupu. Na katika wiki hizo kioo kikaanza kuniandikia kila asubuhi kwamba mashine inataka kusafishwa chokaa. Niliyasoma maneno hayo. Mimi niliyewachapa watoto wa darasa la saba kwa kutosoma maagizo ya mtihani, niliyasoma maagizo yakiwa yamewaka mbele ya uso wangu, na chini yake palikuwa na neno OK. Nikabonyeza OK. Maneno yakaondoka. Kesho yake yakarudi, nikabonyeza OK. Nilianza kuliona lile onyo kama nzi wa kufukuzwa. Ulirudi Jumatano. Alhamisi na Ijumaa niliamka kabla yako nikabonyeza OK, ukakuta kioo kisafi.

Na Ijumaa hiyo akaja Bwana Kioko.

Alikuwa ndiye afisa anayesimamia kile kibanda. Alikubali kuja kuonja kahawa yetu hapa nyumbani kabla ya kuamua, na hiyo ilikuwa heshima kubwa, wewe mwenyewe ulisema. Ulifagia uwanja mara mbili. Ulikaanga punje siku mbili kabla, ukazipumzisha. Alhamisi jioni ulipangusa mashine kwa kitambaa kikavu, ukapangusa nje tu. Nilikuona. Shangazi yako Kalekye alikuja bila kualikwa, kama kawaida yake, akaketi kwenye kiti cha baba yako.

Ukabonyeza. Kisagio kikasaga vizuri. Pampu ikaanza kulia kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Yakatoka matone mawili, matatu, mvuke ukapiga, halafu harufu ya waya unaoungua ikajaa sebuleni na kioo kikazimika. Bwana Kioko alivua miwani akaipangusa. Kalekye akasema, "Kwani imekufa?"

Nilikuwa na nafasi, Mwende. Ilikuwa ndefu ya kutosha. Ningeweza kusema neno moja. Nilikuangalia, ukiwa umeinama juu ya ile mashine, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Si nilikuambia uache kuchokorachokora hiyo kitu! Aliifungua jana, Bwana Kioko. Hawa watoto wakisoma kidogo wanadhani wamekuwa mainjinia."

Uliniangalia mara moja. Kisha ukamwambia yule mtu, "Pole sana, sir. Ni makosa yangu." Akasema si neno, mtapanga siku nyingine. Hakuna siku nyingine iliyopangwa.

Nilidhani limeishia hapo. Kalekye akalibeba mpaka kanisani. Fundi wa Nairobi ameua mashine ya mamake mbele ya mgeni. Watu waliokuwa wakikuletea pasi na blenda wakaanza kuzipeleka kwa yule kijana wa karibu na soko ambaye hajui hata kushika bisibisi. Nilikuona ukikaa pale kwenye veranda na kisanduku chako cha vifaa, hakuna aliyekuja. Nilikuona. Nikapita ndani kuchambua mchele. Ilikuwa kazi yako na jina lako, nami nilikuwa nimevitupa ili niokoe uso wangu kwa dakika mbili, na kila asubuhi nilikuwa naweza kuvirudisha kwa kusema ukweli, na kila asubuhi nikabonyeza OK.

Halafu ukaleta barua ya kazi ya Doha. Nilikufokea wiki nzima. Nilisema unawakimbia wazee, unaiacha miti ya baba yako ife, huna adabu. Yote hayo niliyasema kwa sababu ya lile moja nisilolisema.

Na si mara ya kwanza. Unakumbuka sufuria ya mahindi ya muthokoi? Ulikuwa na miaka tisa. Nililala nikiwa nimechoka na madaftari ya kusahihisha, ikaungua mpaka ikatoboka. Baba yako alipoingia akauliza nani ameacha moto, nikasema Mwende. Ulikuwa nje unacheza, hata hukujua sufuria iko jikoni. Aliposema utalala bila chakula sikufungua mdomo. Nilikuletea andazi baadaye nikajiona mama mwema. Nimeifundisha mikono yangu kukutupia wewe makosa yangu kwa sababu uko karibu na kwa sababu hurudishi. Hilo ndilo ninalolijua kuhusu mimi baada ya miaka sitini na mitatu, na sikulijua kanisani. Nimelijua leo nikiwa nimeshika chupa ya jemu.

Kwa hiyo nilivaa viatu nikaenda ofisi za kaunti. Saa tatu asubuhi. Nilimkuta Bwana Kioko na karani wake na watu watatu kwenye foleni, na sikungoja waondoke.

"Bwana Kioko, ile mashine niliiua mimi."

"Mashine gani, Mwalimu?"

Alikuwa ameshasahau! Mimi nimebeba kitu hiki miezi minne, na yeye hakumbuki. Ikanibidi nimkumbushe yote, kahawa, harufu, kila kitu. Nikamwambia habari ya maji ya chumvi. Karani aliziba mdomo kwa mkono. Bwana Kioko akasema kwa upole, "Aah, ile. Lakini Mwalimu, hiyo kibanda tulipatia mtu mwingine kitambo."

"Sijakuja kuomba kibanda. Nimekuja kukuambia msichana wangu ni fundi mzuri, na mimi ni mwongo."

Akasema, "Sawa, Mwalimu. Nimeskia." Akaniagizia chai. Sikuinywa.

Nilipita dukani kwa Kalekye nikamwambia vile vile, mbele ya wateja, kwa Kikamba ili wote waelewe. Unajua alichoniuliza? "Ndunge, haki? Na umengoja mpaka anaenda?" Kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo huo, yule mwanamke alikuwa na haki.

Sasa nikurudie wewe, maana hasira yangu kwako haijaisha.

Ulijua. Ulifungua mashine siku ile ile, ukaona ukoko, na wewe ni mtu unayeweza kutazama chokaa na kusema ni maji ya kisima gani. Ukakata kile kipande. Ukakiweka chupani. Ungeweza kukiweka mezani mbele yangu wakati wa chakula na kusema, "Mwaitu, hii ni nini?" Ningekanusha kwanza. Ungesema tena. Ningelia, tungegombana, Kalekye angesikia kutoka kwake, na kesho yake ungekuwa na jina lako. Badala yake ukaniacha niishi na uongo wangu kama mgonjwa asiyeambiwa ugonjwa wake. Nilipokiona kile kipande asubuhi nilidhani ni heshima. Sasa naona hata wewe ulikuwa ukibonyeza OK. Niliandika maneno mekundu usoni kwangu kila asubuhi, ukayasoma, ukayafukuza. Umelipata wapi hilo? Kwangu. Nani mwingine?

Huko unakokwenda watakuwepo watu kama mimi. Utaingia jikoni kwa mtu, mashine yake imekufa, na atakuambia ni yule fundi wa kwanza aliyeiharibu, au msichana wa kazi. Usimwamini. Uliza maji kwanza. Ukiona ukoko, mwonyeshe, hata kama ni tajiri, hata kama ni mtu mzima, hata kama anafanana na mama yako. Na siku utakapokuwa na nyumba yako na kununua mashine yako, nunua ile yenye sura mbaya, yenye mlango wa ubavuni na tangi la maji linaloonekana. Uweze kufungua na kuona kilichomo ndani. Nilikuwa nimeketi hapa nikichambua ndengu ulipoyasema hayo, na nikadhani unazungumza juu ya kahawa tu.

Jambo jingine, na nitaliandika haraka kabla sijabadili mawazo. Kikombe cha kwanza kabisa, asubuhi ile ya kwanza, kabla sijaanza uovu wangu, ulikiweka mbele yangu ukasimama ukingoja. Kahawa yetu wenyewe, baada ya miaka thelathini ya kuchuma. Nilisema, "Ni chungu." Ilikuwa tamu, Mwende. Ilikuwa tamu mpaka nikataka kulia. Nilikinywa chote ulipogeuka.

Ile chupa nimeirudisha begini, chini ya sketi, pamoja na pakiti ya kahawa. Ibebe. Ufunguo wa tangi nimeuvua shingoni na uko juu ya barua hii. Leo jioni oga maji ya mvua. Jaza beseni mpaka juu, osha na hizo nywele mpya ukitaka, mwaga. Sitakuja kuchungulia. Nitakuwa sebuleni na nitausikia mfereji, na nitauma meno.

Kesho saa kumi na mbili nitakubebea begi hadi steji, usibishane nami juu ya mgongo wangu. Kalekye atakuwepo, ameapa. Akina mama wa kanisa watakuwepo na maombi yao marefu. Wakishasema amina, nitakuuliza kwa sauti ya darasani, kila mtu asikie: Mwende, nani aliyeiua ile mashine ya kahawa?

Usiinamishe kichwa. Usiseme ni makosa yako. Usinihurumie hata kidogo. Nitaje, msichana wangu, halafu upande gari.

Mama yako,
niliyebonyeza OK.